Mti wa ndoto ni wa nani? Mawazo juu ya bonsai na haki ya kusema «yangu»

Katika vijitabu vya mila kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga, jina la mtoto na heshima ya wazee. Safari hii tumechagua mila ya mbali, ya Wajapani, sababu inatuuliza swali ambalo ni letu vilevile. Mila yenyewe inaitwa bonsai: kukuza mti ndani ya chungu, ukabaki mfupi hata mtu anaweza kuubeba, lakini sura yake ikawa sura ya mti mzee wa mlimani. Vijana wetu wakiona picha yake katika simu, mmoja anasema: «Hii iko dawa, haiko muti ya bure.» Mwingine anasema: «Bantu ba kule hawana kazi.» Wa tatu ananyamaza kwanza, anaangalia picha, kisha anasema polepole: «Miye pia ningependa kuwa na moja.»

Tunaandika juu ya yule wa tatu. Maana watu wanaopenda bonsai, wawe Tokyo, Milano ao Johannesburg, wengi wao wana mti wa ndoto. Hawaupate sokoni, ao wakiupata bei inawashinda. Wanauona tu kichwani: shina nene lililojikunja, mizizi iliyoshika jiwe, tawi moja linaloteremka kama maji. Mmoja anaota kuutengeneza kwa mikono yake. Mwingine anaota kuwa nao. Swali letu ni hili: mti unaoishi miaka mingi kuliko mtu, je, mtu anaweza kweli kuutengeneza? Na je, anaweza kweli kusema kwamba ni wake?

1. Tuelewane kwanza juu ya neno

«Bon» ni sahani ao chungu kisicho na kina kirefu. «Sai» ni kupanda. Bonsai ni kilichopandwa katika sahani, basi. Mila hii ilitoka China kabla ya kufika Japani. Katika kaburi la Li Xian, mtoto wa mfalme wa China, kaburi la mwaka 706, kuna picha za ukutani zinazoonyesha watumishi wamebeba vyungu vyenye miti midogo na mawe. Wajapani waliipokea, wakaipa roho yao wenyewe, na leo dunia nzima inaiita kwa jina lao.

Wengi wanafikiri kwamba bonsai ni aina ya mti mfupi kwa asili. Hapana. Ukichukua mbegu ya bonsai ya msonobari ukaipanda katika udongo wa shamba, itaota msonobari mrefu kama ndugu zake wote. Ufupi hauko ndani ya mbegu. Unatoka katika kazi: kukata mizizi kidogo kila unapobadilisha udongo, kupunguza matawi, kuchuma machipukizi, kufunga waya ili tawi lishike upande unaotakiwa. Tena maji. Chungu kile kinakauka upesi. Wakati wa joto kali mti unaomba maji kila siku, wakati mwingine mara mbili. Mti uliotunzwa miaka 300 unaweza kufa kwa siku chache za usahaulifu.

Hapa tayari kuna jambo la kufikiri. Nyumba ukiimaliza, unafunga mlango unaenda safari. Kiti seremala akikimaliza, kimekwisha. Bonsai haina siku ya kumalizika. Siku mtu anaposema «nimemaliza», mti unaanza kurudia tabia yake ya porini, ao unaanza kufa.

2. Ndoto mbili: kutengeneza na kuwa nayo

Tuangalie ndoto zenyewe.

Kuna ndoto ya mti wa historia. Katika bustani ya mfalme wa Japani, Tokyo, kuna msonobari unaohesabiwa miaka zaidi ya 500. Unaitwa kwa jina la Tokugawa Iemitsu, shogun wa tatu wa ukoo wake, aliyetawala tangu 1623 na kufa mwaka 1651, kwa sababu inasemekana aliupenda na kuutunza. Iemitsu alikuwa na majeshi, aliweza kufunga milango ya nchi yake mbele ya wageni. Lakini mti ule alikuta wengine wameuanzisha, na alipokufa aliuachia wengine. Leo ni karibu miaka 400 tangu wakati wake, na mtu mwenye mshahara wa kawaida anaamka asubuhi kuumwagilia maji.

Kuna ndoto ya pori zima katika sahani moja. Ile inayojulikana zaidi duniani inaitwa Goshin, maana yake mlinzi wa roho. Aliitengeneza John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Alianza mwaka 1948 na miti miwili tu. Mwaka 1964 akaanza kuikusanya pamoja katika sahani, na kadiri wajukuu walivyozaliwa akaongeza, hata ikafika miti 11, mti mmoja kwa kila mjukuu. Mwaka 1984 aliitoa kwa bustani ya taifa ya miti huko Washington. Alikufa mwaka 2004. Pori liko bado, linakatwa na kumwagiliwa na mikono isiyo ya ukoo wake.

Na kuna ndoto ya hapa kwetu Afrika. Watunzaji wa bonsai wa Afrika Kusini walichoka kuiga misonobari ya Japani. Wakaangalia miti yao, wakaweka mitindo ya mbuyu na ya mgunga wenye kichwa kama mwavuli. Mti unaopita nyumba kwa urefu wakautafutia sura yake ndani ya chungu. Tunaitaja ili msomaji asifikiri kwamba ndoto hii ni ya watu wa baridi peke yao.

Sasa, ndoto ya kuwa nayo ina njia fupi: feza. Mwaka 2011, katika mkutano wa bonsai mjini Takamatsu, msonobari mmoja uliwekewa bei ya yeni milioni 100, yaani zaidi ya dola milioni moja za wakati ule. Mwenye uwezo anaweza kununua miaka 300 kwa dakika tano. Ananunua nini hapo? Ananunua jasho la watu sita ao saba waliokufa. Hajanunua hata siku moja ya kesho. Kesho asubuhi mti utaomba maji, na hautauliza nani alilipa.

Ndoto ya kutengeneza inaonekana safi zaidi, lakini nayo ina mtego. Mtu wa miaka 40 anayepanda mbegu ya msonobari leo akiota shina la miaka 200, anaota kitu ambacho macho yake hayataona. Hilo si jambo la bahati mbaya, ni hesabu tu. Wengi wakilielewa wanakata tamaa: «Sasa kazi ya nini?» Wengine wanatafuta kuiba miaka. Tuwaangalie hao kwanza.

3. Mti uliotolewa mlimani

Namna ya kuiba miaka ni kwenda kuitafuta pale mlima ulipoihifadhi. Kwenye miamba yenye upepo na theluji, mti unakaa mfupi bila mtu kuukata. Unajikunja, upande mmoja unakufa na kuwa mweupe kama mfupa, upande mwingine unaendelea kuishi. Wajapani wanapenda sana mti mmoja wa jamaa ya mwerezi, unaoitwa shimpaku, kwa sababu ya sura hiyo ya uhai na kifo katika shina moja. Katika karne iliyopita wawindaji wa miti walipanda miamba ya Itoigawa na milima ya Shikoku, wakajishusha kwa kamba kuutafuta. Wengine walianguka wakafa. Na mti wenyewe katika miamba ile ukapungua hata karibu kwisha.

Msomaji wa Lubumbashi ao wa Goma haitaji kuelezwa zaidi. Tunajua pori la miombo lilivyosogea mbali na mji, kilometa kwa kilometa, juu ya makala. Tunajua magunia ya makala yanayoshuka kutoka upande wa Virunga kulisha majiko ya Goma. Yule anayekata kwa ajili ya makala analisha watoto. Hatumlinganishe na mtu anayetafuta uzuri wa kuweka mezani. Lakini hesabu ya mti ni moja kwa wote wawili: miaka 200 inaondoka kwa siku moja, na anayeiondoa hawezi kuirudisha hata akipenda.

Kuna anayejibu: «Mti kule mlimani hakuna anayeuona. Nikiuleta nyumbani, watu elfu watauona na kuusifu.» Jibu hili linavuta. Lakini linasimama juu ya wazo kwamba kitu kisichoonekana na sisi ni cha bure, kinatungoja. Wazee wetu hawakusema hivyo juu ya pori. Kabla ya kukata mti mkubwa waliomba ruhusa, na kuomba ruhusa maana yake ni kukubali kwamba kuna mwenyewe, hata kama hujamwona. Tunaona pia kwamba watunzaji wengi wa leo wamelielewa hilo: wanaanza kwa mbegu, kwa vipandikizi, kwa miti ya bustani iliyokuwa itangolewa hata hivyo. Ndoto yao inachelewa, lakini haikutoboa mlima.

4. Je, kuukunja mti ni kuutesa?

Hili ndilo swali tunalolisikia zaidi. «Ule mutu iko natesa muti. Anaifunga na waya sawa mufungwa.» Tusilicheke.

Waswahili wanasema: samaki mkunje angali mbichi. Sisi wote tumelelewa na neno hilo, na tumelitumia juu ya watoto wetu bila kuuliza samaki anaonaje. Mtu wa bonsai analichukua neno hilo kama kazi ya mikono. Anavingirisha waya juu ya tawi changa, analikunja polepole, anasikiliza kama litavunjika. Kisha anangoja miezi. Lakini kuna sheria moja ambayo methali yetu haiitaji: lazima arudi kutoa waya. Tawi linanenepa, waya ukikaa mno unaingia katika ganda, na alama yake inaweza kubaki miaka mingi. Fundi mbaya utamjua kwa alama hizo. Alijua kukunja, hakujua kurudi kufungua.

Tunafikiri hapo ndipo tofauti kati ya kulea na kutesa inapopita, kwa mti na kwa mtoto pia. Kizazi chetu kimeona baba waliofunga waya wakasahau kuutoa. Mtoto ana miaka 30, ana bibi yake na watoto wake, bado anasemeshwa kama wa kilasi cha kwanza. Halafu tunashangaa juu ya nini hatuambii mambo yake. Kuna wengine pia ambao hawakufunga kitu chochote, wakasema mtoto atakua mwenyewe, na wakavuna walichovuna.

Juu ya mti, hatutaki kusema kwamba unasikia uchungu kama sisi. Tunasema tu kile kinachoonekana: mti wa bonsai uliotunzwa vizuri unatoa majani, unatoa maua na matunda kwa majira yake, na mara nyingi unaishi miaka mingi kuliko ndugu yake wa porini, kwa sababu kuna mtu anayeukinga na wadudu, kiu na dhoruba. Mti unaoteswa unaonekana: majani manjano, matawi yanakauka moja moja. Haudanganyi. Yule mwanafunzi anayekaa kwa bwana wa bonsai kule Japani, kwa kawaida miaka mitano ao zaidi, anatumia sehemu kubwa ya wakati huo kumwagilia maji, kufagia na kuchuma majani ya misonobari, kabla ya kuruhusiwa kugusa mti mkubwa. Anafundishwa kuona kabla ya kukata. Ingekuwa vizuri kama sisi tunaokunja watu tungekuwa na shule ya namna hiyo.

5. Yangu, yetu, yao

Tunarudi kwa swali la mwenye mti. Hapa tunataka kuweka mbele ya msomaji mambo matatu yaliyotokea.

La kwanza ni la mwaka 2019. Mnamo Januari, katika jimbo la Saitama karibu na Tokyo, wezi waliingia usiku katika bustani ya familia moja ya watunza bonsai. Walichukua miti saba, na katikati yake kulikuwa shimpaku iliyohesabiwa miaka 400. Hasara ilikuwa mamilioni ya yeni. Wenye mali walifanya nini? Walitangaza wizi, ndiyo. Lakini neno lao kwa wezi lilikuwa ombi: imwagilieni maji. Walieleza hata namna ya kuitunza, kwa sababu shimpaku ile haiwezi kukaa wiki bila maji.

Tusome jambo hili polepole. Mtu ameibiwa. Haki iko upande wake, sheria iko upande wake. Angeweza kutamani kwamba mti umfie mwizi mikononi, akose faida. Badala ya hapo anamfundisha mwizi kazi. Msomaji wa Biblia atawakumbuka wale wanawake wawili mbele ya Sulemani: mama wa kweli ni yule aliyekubali kumpoteza mtoto ili asikatwe. Kwa ombi lile, familia ile ilionyesha kwamba mti ni wao, kuliko karatasi yoyote ingeweza kuonyesha.

La pili ni la mwaka 2020, Marekani. Mwezi wa Februari miti miwili iliibiwa katika jumba la bonsai la jimbo la Washington. Mmoja wao ulikuwa msonobari ulioanzishwa kwa mbegu, ndani ya mukebe, na Juzaburo Furuzawa, kambini ambako Wamarekani wenye asili ya Japani walifungwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Watunzaji walitangaza kwamba miti hiyo bila mikono inayoijua inaweza kufa. Siku chache baadaye miti yote miwili ilikutwa imeachwa kwenye barabara inayoingia pale jumbani. Hatujui moyo wa mwizi. Lakini tunapenda kufikiri juu ya mukebe ule. Mtu aliyenyang'anywa nyumba na uhuru, asiyejua kama atatoka lini, anaweka mbegu katika udongo. Yule hakuwa na ndoto ya kuuza. Alikuwa anakataa kwamba mwisho wake ni ile senyenge ya kambi.

La tatu ni zito zaidi. Huko Hiroshima kulikuwa ukoo wa Yamaki, watunza bonsai tangu vizazi. Walikuwa na msonobari mweupe uliokuwa ukitunzwa tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomu lilianguka kilometa kama tatu kutoka kwao. Ukuta wa bustani ulikinga mti, na watu wa nyumba wakapona pia. Miaka 31 baadaye, mwaka 1976, Marekani ilikuwa inasherehekea miaka 200 ya uhuru wake, na Wajapani wakatoa zawadi ya bonsai 53. Masaru Yamaki akatoa msonobari ule. Aliutoa kwa nchi iliyotupa bomu, na waliopokea hawakujua kwamba mti ulipita katika moto ule. Walijua mwaka 2001 tu, wakati wajukuu wake wawili walipokuja Washington kuuangalia. Miaka 25 watunzaji walikuwa wanaumwagilia maji bila kujua. Mwaka 2025 mti ulitimiza miaka 400 ya kutunzwa.

Mtu anaweza kusema: Yamaki alipoteza mti wake wa ndoto, mti ambao kila mpenzi wa bonsai angetaka kuwa nao. Sisi tunauliza: aliupoteza namna gani? Kama angeuficha nyumbani kwa uchungu wa haki, nani angemlaumu? Lakini aliutazama mti kama kitu alichopewa ili akipeleke mbele, na mbele ikawa nyumba ya adui wa zamani. Hatusemi kwamba kila mtu aliyeumizwa analazimishwa kufanya vile. Sisi wa mashariki ya Kongo, ambao vita imepita katika nyumba zetu, tunajua kwamba neno la kusamehe haliombwi kwa mtu kwa nguvu. Tunasema tu kwamba mti ule umefanya iwezekane.

6. Kwetu

Je, wazo hili ni geni kwetu? Hata kidogo.

Kwa Walunda na majirani zao, mwenye kuanzisha kijiji anapanda kijiti kibichi cha muyombo. Kijiti kinashika mizizi, kinakuwa mti, na hapo chini majina ya waliokufa yanaitwa, mpemba nyeupe inapakwa, pombe inamwagwa. Mwenye kupanda anajua kwamba yeye mwenyewe ataitwa chini ya mti ule siku moja, na sauti za watoto ambao hajawaona. Upande wa Rutshuru na ng'ambo, Rwanda, kuna umuvumu: nguzo za boma la mkubwa zilishika mizizi, boma likaoza, wenye boma wakasahauliwa, miti ikabaki kuonyesha mahali. Bonsai na muyombo havifanani kwa kimo. Vinafanana katika jambo moja: anayeshika makasi ao jembe anajua kwamba yuko katikati ya mstari, wala si mwisho wake.

Hata sheria yetu inajua wazo hilo, ijapokuwa tunalisahau. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mwananchi anapewa konsesio, haki ya kuutumia. Kila siku tunasema «parseli yangu», na ni sawa, maana tumejenga na kulipa. Lakini chini ya «yangu» ile kuna udongo tuliokuta na tutakaouacha.

Na hapa ndipo mambo yanatuuma. Katika miji yetu, baba akifa, mara ngapi tunaona jambo la kwanza ni kugawana na kuuza? Mwembe aliopanda, uliokuwa kivuli cha mtaa mzima, unakatwa kwa asubuhi moja ili kujenga vyumba vya duka. Bantu banasemaka: «Iko muti ya baba yetu, tunafanya vile tunapenda.» Hatuwahukumu wenye njaa. Lakini tuseme ukweli: wengi wetu hatukata kwa njaa. Tunakata kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba urithi ni kazi. Tulirithi kitu, hatukurithi saa ya kukimwagilia maji.

Mjapani anayerithi bonsai ya babu yake anarithi pia asubuhi zake zote. Hawezi kupokea mti na kukataa ndoo. Wengine wanakataa, na hiyo ni haki yao; basi wanautafutia mikono mingine inayojua. Hilo pia ni uaminifu. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la udongo na moto viliharibu Tokyo. Kundi la watunza bonsai waliacha mji na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao Omiya. Waliweka masharti kwa kila anayetaka kukaa pale: awe na bonsai angalau kumi, na afungue bustani yake kwa kila mtu anayetaka kuangalia. Sharti hilo la pili linatufundisha: mwenye mti alikuwa mwenyewe kweli, lakini mlango haukuwa wa kufungwa.

Neno la mwisho

Tunajibu sasa yule kijana wa tatu, aliyeangalia picha na kusema angependa kuwa na moja.

Ndugu, tamaa yako si mbaya. Mtu asiyetamani kitu kinachozidi maisha yake ni maskini wa namna nyingine. Lakini jua unachokitamani. Ukitaka mti wa miaka 200 uwe wako peke yako, unatafuta kitu kisichokuwako: Iemitsu hakukipata na majeshi yake yote. Ukitaka kuwa mmoja katika mstari wa wale waliougusa, jambo hilo liko karibu nawe, na halikuombi yeni milioni 100. Linaomba mbegu, mukebe uliotobolewa chini, udongo, na maji ya kila asubuhi. Tafuta mti wa kwetu unaovumilia chungu. Jamaa ya mivumu na mikuyu inavumilia sana, na watunzaji wa nchi nyingi wanaipenda kwa sababu hiyo. Ukunje ungali mbichi, na urudi kutoa waya.

Na kabla ya miaka mingi kupita, tafuta mtoto mmoja, wako ao wa jirani, umwonyeshe namna ya kuweka kidole katika udongo na kujua kama umekauka. Akikuuliza: «Baba, hii muti iko ya nani?», mwambie ukweli. Mwambie leo iko yako, sababu leo ndiwe uliyeimwagilia.